Mwaka wa Sifuri Juu ya Sifuri

Mwalimu wangu wa hesabu alizikwa wiki iliyopita nyumbani kwake, ndani kabisa nyuma ya Kisaju, na mimi nilitoka mazishini na hasira zaidi ya huzuni. Naandika hii kabla haijapoa, maana ikipoa nitaanza kusema maneno mazuri, na maneno mazuri yalisemwa pale ya kutosha. Nilikuwa nimekaa safu ya nyuma, mtoto mdogo amelala mapajani, yule mkubwa, Mumbe, ameegemea bega langu. Upepo ulikuwa unainua hema kama mtu anayetaka kuona ndani kuna nini. Ndipo Madam Wanza, aliyekuwa naibu wa mwalimu mkuu wakati wetu, akapewa kipaza sauti. Akasema Mwalimu Leiyan alikuwa mtu wa watu. Sawa. Akasema wanafunzi wake wote walipita. Nikamfunika mtoto lesso. Halafu akasema, "Nakumbuka alikuwa anafundisha ya kwamba sifuri juu ya sifuri ni sifuri. Na mimi nawaambia leo, bila Mungu wewe ni sifuri, na ukiegemea watu, unaegemea sifuri, na jibu lako litakuwa nini?" Watu wakajibu, "Sifuri." Mchungaji akasema amina. Mimi nikaamka nusu, mtoto akalia, nikakaa tena. Kwa sababu hiyo hesabu ninaijua. Hiyo hesabu ndiyo iliyoamua mimi ningefanyia mtihani wapi, na Mwalimu Leiyan hakuwahi kusema ni sifuri, na Madam Wanza anajua, maana alikuwa ofisini siku tulipogombana.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa mwaka huo. Mumbe alikuwa anaanza kukaa bila kushikwa. Sitaeleza habari ya baba yake hapa, wala ya kwetu Machakos, hiyo si hadithi yangu ya leo. Nilitaka tu kumaliza kidato cha nne. Shule ya kutwa ya hapa Kitengela ilinichukua kwa sababu serikali inasema msichana aliyezaa arudi darasani, si kwa sababu walinitaka. Madam Wanza aliniambia hivyo wazi, akikata kucha. "Tumekuchukua. Lakini mtihani wa muhula wa pili ndio utasema. Hesabu yako isipofika C, tutakuhamisha ukasajiliwe Kajiado kama wale wa kujitegemea. Mean ya shule, wastani wetu, haiwezi kubeba kila mtu na mzigo wake." Nilielewa alichomaanisha kwa mzigo, Mumbe alikuwa amefungwa kwa lesso mgongoni mwangu. Na nilielewa Kajiado ni nini. Ukisajiliwa kule huna mwalimu wala maabara. Unasoma na ukuta, halafu siku ya mtihani unaingia kukaa na watu usiowajua. Mimi nilitaka uuguzi. Uuguzi unataka biolojia, na biolojia inataka ushike hadubini kwa mkono wako, usiione tu kwenye picha. Kwa hivyo C ya hesabu haikuwa alama tu. Ilikuwa ufunguo wa ile maabara.

Nilikuwa nakaa chumba kimoja cha mabati kwenye ploti ya Mama Naserian, upande ule ambao upepo ukitoka Athi River unakuletea vumbi la simiti mpaka kwenye chai. Kitanda, pazia, jiko, beseni, basi. Maji ya pale yana chumvi, sabuni haitoi povu, nepi zikikauka zinasimama zenyewe. Jumapili nilipika sufuria kubwa ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe, tukala mpaka katikati ya wiki, na siku ya mwisho nilikuwa nakula nikiwa nimefunga pua. Mama Naserian ndiye alikuwa ananisaidia na mtoto. Sikumwomba mara mbili. Asubuhi nilisimama mlangoni kwake, yeye ananisalimu kwa Kimaasai, "Takwenya," mimi najibu, "Iko," kama alivyonifundisha, na kabla sijamaliza kumfungua Mumbe mgongoni yeye ashamchukua. "Enda. Huyu hajui hesabu, atangoja." Aliniwekea chai ya maziwa yaliyokaa kwenye kibuyu, ina harufu ya moshi, na alinisimamia mpaka niimalize. Nimekula mahotelini tangu hapo. Hakuna chai kama ile, na sisemi hivyo kwa sababu ya kukumbuka, nasema kwa sababu nimejaribu kuitengeneza na imenishinda.

Darasani waliniita Mathe. Si kwa ubaya sana. Ni vile watoto wa Kitengela wanaita kila kitu jina lingine. Lakini ukiitwa mama ya watu na watu walio na umri kama wako, unachoka. Mwalimu Leiyan hakuniita hivyo. Alikuwa mrefu, mkimya, anaandika ubaoni akiwa ameinama kidogo kama mtu anayepita mlango mfupi, na alikuwa na haraka siku zote, kwa sababu alikuwa anafundisha hesabu ya madarasa manne peke yake. Siku hiyo alichora mkunjo wa y ni x mraba. Akaweka nukta palipo na tatu, akaweka nyingine mbele kidogo, akaziunganisha na rula. Akasema huu mstari una mteremko, na mteremko wake ni x mraba toa tisa, juu ya x toa tatu. Akasema, "Sasa tunavuta hii nukta ya pili mpaka ikaribie ile ya kwanza kabisa. Mteremko unakuwa ngapi? Wekeni tatu mahali pa x."

Tukaweka. Juu sifuri, chini sifuri. Kelvin Mutiso, kiranja wetu, akainua mkono. "Ni sifuri, mwalimu. Sifuri ukigawa na chochote ni sifuri." Sharon wa dirishani akasema, "Hapana, ni moja. Kitu ukikigawa na chenyewe ni moja, hata nyanya yangu anajua." Mtu wa nyuma akasema kalkuleta yake imeandika kosa. "Hiyo kalkuleta umenunua kwa nani?" Watu wakacheka. Mtu mwingine akauliza kama tupige kura. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekasirika kweli, na mpaka leo sioni kwa nini wengine hawakukasirika. Sheria mbili, zote tumefundishwa tangu shule ya msingi, zote ni za kweli, zinakutana mahali pamoja na kila moja inasema kitu chake. Hiyo si mzaha. Hiyo ni kama umeambiwa hii barabara inaenda Namanga, na mwingine akakuambia hiyo hiyo inaenda Nairobi, na wewe unatembea na mtoto. Nikauliza, "Mwalimu, nani ako na makosa?" Akaangalia saa. "Hakuna. Hiyo ikitokea, kata kwanza, juu na chini, halafu ndio uweke namba." Akatoka mbio kwenda darasa lingine, na kengele haikuwa hata imelia.

Alimaanisha uvunje x mraba toa tisa iwe mabano mawili, halafu bano la x toa tatu likatwe na lile la chini. Hilo nilikuja kulijua baadaye. Lakini alisema kata, akaenda. Kelvin akapanda ubaoni. Akachukua x ya chini akaikata na x mraba ya juu, ikabaki x. Akachukua tatu ya chini akaikata na tisa ya juu, ikabaki tatu. Alama ya kutoa juu na ya kutoa chini akasema zinakuwa kujumlisha. Akapata x jumlisha tatu. Akaweka tatu, akapata sita. Akafungua nyuma ya kitabu, jibu ni sita. Darasa likapiga meza. Tangu siku hiyo njia hiyo ikaitwa kata ya Kelvin, na ikaenea shule nzima kama homa ya macho.

Nilimfuata mpaka kwenye mfereji. "Unakataje x na x mraba na kuna kutoa hapo katikati? Hizo hazijazidishwa." Akanywa maji, akapangusa mdomo. "Mathe, jibu ni ngapi?" Nikasema sita. "Kitabu kinasema ngapi?" Nikasema sita. "Sasa unataka nini?" Nikamwambia nataka sababu. Akawaambia wenzake, "Mathe anataka sababu," na kwa muda mrefu baada ya hapo nikiuliza chochote darasani, hata kama nauliza nani amechukua kalamu yangu, mtu wa nyuma atasema anataka sababu.

Wiki hizo nilikuwa natumwa kupeleka vitabu vya darasa kwenye chumba cha walimu. Dirisha lao lilikuwa halifungi, limezuiwa na kipande cha mbao, na nje yake kulikuwa na ukingo wa simiti ambapo unaweza kuweka vitabu ukipumzika mikono. Hapo ndipo nilisikia. Madam Wanza alikuwa anachovya mandazi kwenye chai, nilijua kwa vile alikuwa anaongea na mdomo umejaa. "Huyu wa mtoto. Atafika C?" Mwalimu Leiyan akasema, "Anauliza maswali mengi." "Maswali hayaongezi mean." "Anachelewesha darasa kidogo," akasema. Hivyo tu. Anachelewesha darasa kidogo. Nilibeba vitabu nikaingia, nikasema, "Karibuni chai," kama mjinga, na yeye akanyoosha mkono akavipokea bila kuniangalia. Nimekaa na hayo maneno matatu muda mrefu. Siku ya mazishi niliyakumbuka wakati watu wanasema alivyokuwa na moyo wa subira.

Mtihani ukaja. Swali lile likaja, lile lile, x mraba toa tisa. Mimi sikujua kuvunja mabano kwa ajili ya hiyo, sikufundishwa, na kata ya Kelvin nilikuwa nimeapa siitumii. Nikaandika: ukiweka tatu unapata sifuri juu ya sifuri, hii si sifuri na si moja, bado sijui. Nikaruka. Karatasi ziliporudi, darasa zima walikuwa na alama zote za hilo swali, kata ya Kelvin kutoka mstari wa mbele mpaka wa nyuma, vema nyekundu kila mahali. Mimi nilikuwa na duara la sifuri, kubwa kuliko maandishi yangu. Na hilo swali moja ndilo lililonitenganisha na C.

Nilimwendea chumbani kwa walimu. Nikaweka karatasi yangu na ya Sharon mezani, Sharon alikuwa amenipa. "Mwalimu, angalia hii. Amekata x na x mraba." Akaangalia. "Jibu lake ni sita, Ndinda." "Njia ni mbaya." "Mwongozo wa kusahihisha unasema sita. Mimi nasahihisha karatasi mia mbili." "Na mimi nimeandika si sifuri. Hiyo ni kweli ama si kweli?" Akavua miwani. "Ni kweli. Lakini umeiacha njiani." "Kwa sababu ulituacha njiani," nikasema. Walimu wawili waliokuwa wanakula wakaacha kutafuna. Nilidhani atanifukuza. Alirudisha miwani, akasema, "Nenda darasani," kwa sauti ya chini, na karatasi hakunirudishia.

Jumapili nilikuwa uani nikifua. Kanisani sikwenda. Kalkuleta sikuwa nayo, nilikuwa na kile kitabu cha majedwali chenye namba ndogo ndogo, na kalenda ya zamani ya duka moja la mifugo ambayo nyuma yake haikuwa imeandikwa. Nikafikiria, kama siwezi kuweka tatu, wacha niweke kitu karibu na tatu. Nikaweka tatu nukta moja. Nikapata sita nukta moja. Nikaweka tatu nukta sifuri moja, nikazidisha kwa mkono, nikapata sita nukta sifuri moja. Nikaenda upande ule mwingine, mbili nukta tisa, nikapata tano nukta tisa. Mikono ilikuwa na sabuni, karatasi ikalowa. Mama Naserian akaja na Mumbe kiunoni, akasimama juu yangu. "Unatafuta nini hapo?" "Namba." "Imepotea?" "Haijapotea, ni vile huwezi kuifikia. Unaikaribia huku, unaikaribia na huku." Akafikiria. "Mimi nikikaribia kitu na sifiki, naenda nyumbani." Akaondoka akicheka peke yake. Lakini mimi nilikuwa nimeona. Hakuna aliyeweka tatu, na bado ilikuwa inaenda sita kutoka pande zote mbili, haina mahali pengine pa kwenda. Kwa hivyo sita ilikuwa kweli. Kata ya Kelvin ilikuwa imebahatisha. Na kama imebahatisha, basi kuna mahali itakosea, na mimi nitapatafuta hata kama nepi zitakauka na sabuni.

Nikajaribu x mara x mara x, toa nane, juu ya x toa mbili. Ukiweka mbili unapata sifuri juu ya sifuri, kama tu ile nyingine. Kwa kata ya Kelvin, inabaki x mraba jumlisha nne, na ukiweka mbili ni nane. Kwa mkono, mbili nukta moja ikanipa kumi na mbili na kitu. Moja nukta tisa, kumi na moja na kitu. Nikarudia kuzidisha mara kadhaa nikidhani nimekosea. Sikuwa nimekosea. Nilikaa juu ya beseni lililopinduliwa nikacheka kama mtu mbaya.

Jumatatu nikaandika ile hesabu ubaoni kabla mwalimu hajaingia. "Kelvin, kata hii." Akakata, haraka, akijionyesha. "Nane." Nikaandika namba zangu pembeni, moja chini ya nyingine. "Kwa nini basi hizi haziendi nane?" Akasema nimekosea kuzidisha. Nikasema, "Nyinyi ndio mko na kalkuleta, bonyezeni." Wakabonyeza. Sharon ndiye aliyesema, pole pole, "Inaenda kumi na mbili." Mtu wa nyuma akasema, "Ongeza sifuri, weka mbili nukta sifuri sifuri moja." Wakaongeza. Ikakaribia kumi na mbili zaidi. Hakuna aliyesimama kusalimia, kwa hivyo hatukujua Mwalimu Leiyan alikuwa mlangoni tangu saa ngapi. Alikuja mpaka ubaoni. Akaangalia nane ya Kelvin, akaangalia namba zangu. Akaniuliza, si kama mwalimu anayepima mtoto, kama mtu anayeuliza kweli. "Ile ya kwanza ilikuwa sifuri juu ya sifuri, ikawa sita. Hii pia ni sifuri juu ya sifuri, na inakuwa kumi na mbili. Inakuwaje?" Nikamwambia, "Sifuri pekee haikuambii kitu, mwalimu. Lazima urudi uangalie zilitoka wapi." Akashika chaki. Akavunja ile ya juu mabano mawili, taratibu, mara ya kwanza namwona bila haraka, akatuonyesha bano la x toa mbili limejificha juu na liko chini pia, na kwamba hilo ndilo linaloleta sifuri zote mbili. Akalikata. Akaweka mbili kwa kilichobaki. Nne, jumlisha nne, jumlisha nne.

Ningeishia hapo hii ingekuwa hadithi ya kusomea watoto. Alikusanya karatasi zote za mtihani tena. Akafuta alama za kila mtu aliyetumia kata ya Kelvin, darasa zima, Kelvin mwenyewe akashuka gredi. Alisema jibu lililokuja kwa njia isiyo njia si jibu. Halafu akachukua yangu. Nilikuwa nimekaa mkao wa mtu anayengoja kuitwa jina. Akanipa alama kwa kusema si sifuri na si moja, kwa sababu hiyo ilikuwa kweli, na hakunipa nyingine, kwa sababu kwenye karatasi nilikuwa nimeandika sijui. Haikutosha. Nilibaki chini ya C kidogo, unaweza kusema kwa unywele. Na singeweza kulalamika. Hiyo ndiyo inayonichoma hadi leo. Ni mimi niliyekuwa nimesimama mbele ya watu nikidai njia, si jibu. Angenionea huruma angekuwa amerudi kwa kata ya Kelvin.

Wastani wa shule ukaanguka siku moja. Niliitwa ofisini, nikamkuta yeye tayari yuko mbele ya Madam Wanza, amesimama kama mwanafunzi. Akasema, "Madam, huyu aachwe hapa. Darasa lote, huyu ndiye anajua anachofanya." Madam Wanza hakuinua macho. "Mwalimu, umenishushia mean ya shule nzima, sasa unataka nikusikize? Na amefika C?" Akashika miwani yake. "Nimekuuliza. Amefika?" Akasema, "Hajafika." Angeweza kusema uongo mdogo. Hakusema. Mimi nikasema nani basi aliwaacha hawa wote wakikata ovyo mpaka mtihani ukasahihishwa, na Madam Wanza akaniambia, "Funga mlango ukitoka." Nilifunga kwa nguvu mpaka kalenda yao ikaanguka, niliisikia.

Kwa hivyo nilifanyia mtihani Kajiado. Mama Naserian alikuwa na binamu huko, nyuma ya soko la mifugo, akanipa kitanda cha watoto wake, na wiki za mtihani zote nililala nimekunja magoti, Mumbe kifuani. Asubuhi tulikula mkate na chai ya rangi, na nje watu walikuwa wanabishana bei ya mbuzi kwa Kimaa tangu jua halijatoka. Ukumbini kulikuwa na watu wazima. Askari mmoja alikuwa anavua kofia kila akiona swali gumu. Mama mmoja wa Loitokitok alikuwa amefunga duka lake la mboga kuja, na kila karatasi ikiisha ananiuliza, "Umeandika chochote?" Namjibu nimeandika. "Basi Mungu asaidie." Hesabu nilipita, C safi. Na ile ya sifuri juu ya sifuri, unajua nini? Haikuja. Nilisoma karatasi mbele na nyuma nikiitafuta kama mtu aliyeahidiwa mgeni. Biolojia ya vitendo ikaja na hadubini, nikaletewa mezani, sikujua ni upande gani wa kuangalia. Hapo uuguzi ukaisha. Leo nauza dawa za mifugo kwenye duka la watu hapa Kitengela, napimia wachungaji dawa ya kupe, na watu wa kanisani wananiambia kila kitu hutokea kwa sababu. Nawauliza sababu gani. Hawapendi hilo swali. Kelvin alikuwa na haki kuhusu hilo, mimi ni mtu wa kutaka sababu.

Basi nilikuwa nimekaa pale Kisaju na hayo yote, na Madam Wanza na kipaza sauti. Alipomaliza mahubiri yake akaita wanafunzi wa darasa letu waje mbele waweke shada la maua. "Wale tu waliomalizia kwetu," akasema, "tuende na mpango, jua ni kali." Wakaanza kuinuka. Sharon. Kelvin, amenenepa, suti ya buluu. Mimi nilikaa. Kelvin akapita safu yangu, akasimama, akasema kwa sauti ya chini, "Mathe, toka twende." Nikamuuliza kama hakusikia wamesema nini. Akasema, "Nimesikia. Toka." Nikampa Mumbe mdogo wake, nikaenda.

Madam Wanza aliniona nikifika karibu na kaburi. Alitabasamu, ile ya watu wakubwa. "Ndinda. Wewe si ulimalizia Kajiado?" Nikasema ndiyo. Halafu nikasema, na kipaza sauti kilikuwa bado wazi mkononi mwake, "Madam, sifuri juu ya sifuri si sifuri." Mchungaji akaangalia viatu. "Ndinda," akasema, "hapa si darasani." "Najua," nikasema. "Darasani uliniondoa."

Mjane wa Mwalimu Leiyan alikuwa amekaa kiti cha mbele, amefunikwa shuka begani. Nilifikiri nimemkosea, na kwake yeye tu ningeomba radhi. Aliniita kwa kidole. Nikainama, na kwa mazoea ya ploti ya Mama Naserian nikainamisha kichwa, kama watoto wa Kimaasai wanavyosalimu wakubwa, akakigusa. "Kama si sifuri, ni ngapi?" Aliuliza kama anayetaka kujua. Nikamwambia, "Hiyo pekee haikuambii kitu, mama. Lazima urudi uangalie zilitoka wapi."

Akaniangalia. "Alikuwa anawaambia watoto hivyo hapa nyumbani, kila wakileta hesabu. Maneno hayo hayo. Nilimuuliza siku moja umeyatoa wapi, akasema kwa msichana mmoja aliyekuwa na haki, na yeye akashindwa kumsaidia."

Nilichukua udongo nikaweka pamoja na wengine. Kwa hivyo nilipata alama yangu. Imekuja imechelewa, imekuja kaburini, na haifungui mlango wowote. Ningeitaka kwenye karatasi.